Wimbo ndio uliouza piano, au piano ndiyo iliyouza wimbo? (Marekani, 1890–1920)

#1 Nota Kavu
Wakuu, salaam. Naleta jambo linalonisumbua tangu nianze kujifunza regitaimu, ule muziki wa piano wa Wamarekani weusi ulioshika kasi kuanzia miaka ya 1890 hadi kama 1917. Mkono wa kushoto unatembea kama askari gwaridani, wa kulia unacheza nje ya hatua.

Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Mwaka mmoja tu, na hawajafika hapo tena. Miaka hiyohiyo nyimbo za karatasi, yaani nota zilizopigwa chapa na kuwekewa jalada la picha, ziliuzwa kwa mamilioni. Redio ilikuwa haijaja. Ukitaka wimbo sebuleni kwako, mara nyingi ilibidi mtu akae aupige.

Nasema hivi: nyimbo ndizo zilizouza piano. Watu waliisikia Maple Leaf Rag ya Scott Joplin (1899), wakaitamani, wakaenda kutafuta chombo cha kuipigia. Bila Joplin na wenzake wenye viwanda wangebaki na mbao zao. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kibarazani
Ngoja waje wajuzi. Nimeshavuta mkeka.

#3 Mali Kauli
Mleta mada, umeanza na moyo, mimi naanza na daftari la mauzo. Piano iliuzwa kwa mkopo. Unatoa kiasi kidogo, inaletwa nyumbani, unalipa kila mwezi mpaka deni liishe. W. W. Kimball wa Chicago alikuwa na mawakala waliokwenda hadi mashambani kwa wakulima. Sears, nao wa Chicago, walikuwa na piano za jina la Beckwith kwenye katalogi, nyingine chini ya dola 100, na treni inakushushia stesheni ya karibu.

Kulikuwa pia na piano zilizotoka kiwandani bila jina. Mwenye duka ananunua, anapachika jina analotaka mwenyewe, anauza. Biashara hiyo ilikuwa imeshamiri kabla Maple Leaf Rag haijaandikwa. Kwa hiyo mkopo na reli ndivyo vilivyouza piano, na wimbo ulikuta sebule tayari ina chombo kimekaa kama kabati.

#4 Nota Kavu
Mali Kauli, mkopo unampa mtu njia, haumpi hamu. Nani anaingia deni la miaka kwa ajili ya kabati?

#5 Mali Kauli
Wengi sana, mkuu. Angalia watu na makochi.

#6 Mama Alto
Habari zenu wanangu. Nimefundisha kwaya na kinanda miaka 27, naona wote wawili mnamruka mtu aliyekaa kwenye kiti cha piano. Aliyepiga nyumbani alikuwa nani? Binti wa nyumba. Familia ya kati ikipata uwezo, binti alifundishwa piano. Huyo ndiye aliyeingia dukani na kuuliza, "Kuna wimbo gani mpya?" Na aliyempigia ausikie kabla hajanunua, mara nyingi naye alikuwa mwanamke, mwajiriwa wa duka, anapiga kutwa nzima chochote anachopewa.

Wengine walivuka wakawa watunzi. Charlotte Blake alikuwa akifanya kazi kwa wachapishaji Remick huko Detroit. May Aufderheide wa Indianapolis alitoa Dusty Rag mwaka 1908. Adaline Shepherd alitoa Pickles and Peppers mwaka 1906. Niliwahi kuwapigia wanafunzi wangu Dusty Rag bila kuwaambia mtunzi. Wote walisema mwanamume. Nilipowaambia ukweli, binti mmoja aliomba nimnakilishie nota siku hiyohiyo, akaipiga wiki tatu hadi ikamkaa vidoleni.

#7 Kijiti
Shikamoo mama. Nyongeza ndogo: regitaimu iliyovuma kuliko zote ni After the Ball ya Charles K. Harris, iliuza nakala mamilioni.

#8 Mama Alto
Marahaba mwanangu. Ila After the Ball si regitaimu. Ni walsi, mapigo matatu, ya mwaka 1892, kabla regitaimu haijaanza kuchapishwa.

#9 Nota Kavu
Mama yuko sahihi, lakini Kijiti naye ametufungulia mlango. Harris huyo alikuwa Milwaukee, hakujua kuandika nota, akawa anamwimbia mtu amwandikie. Akamlipa mwimbaji J. Aldrich Libbey dola 500 pamoja na fungu la mapato ili auingize wimbo kwenye onyesho la jukwaani. Bendi ya Sousa ikaupiga kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Hapo ndipo wachapishaji walipojifunza kwamba wimbo hauuziki kwa kukaa rafuni, lazima usukumwe.

Baadaye wakajazana New York, mtaa wa 28 Magharibi, wakauita Tin Pan Alley. Inasemekana jina lilitokana na kelele za piano nyingi zikipigwa kwa pamoja madirisha wazi, kama masufuria yanagongwa. Kila ofisi ilikuwa na vijana wa kusukuma nyimbo. George Gershwin, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri, aliingia kwa Remick mwaka 1914 akiwa na miaka 15, kwa dola 15 za wiki, kazi yake kukaa kwenye kichumba na kupiga nyimbo za kampuni kwa kila mwimbaji anayepita.

#10 Mtoto wa Studio
Kumbe! Sasa hiyo ina tofauti gani na kumpelekea mtangazaji bahasha ili wimbo wako upigwe? Nimepita humo. Wimbo wangu wa kwanza nilimlipa mtu aupigie debe, hela akala, wimbo haukupigwa hata mara moja. Nilikuwa nimekopa kwa dada yangu. Nililia.

#11 Kijiti
Pole sana kaka. Tofauti naiona ndogo: wao walikuwa wanampa mwimbaji ili auimbe, sisi tunampa anayeshika kitufe.

#12 Barua ya Missouri
Wadau, nipo Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, jimbo la Missouri alikoishi Joplin. Sedalia nimefika mara mbili, mji mdogo, na kila mwaka kuna tamasha la Joplin. Naomba niweke sawa habari za Maple Leaf Rag, maana zimejaa chumvi.

Mchapishaji, John Stark, alikuwa muuza piano na nota hapo Sedalia. Shika hilo: muuza piano. Mkataba waliutia saini Agosti 1899 na ulimpa Joplin senti 1 kwa kila nakala. Kwa zama zile, mzungu mwenye duka kumwandikia mtunzi mweusi mkataba wa mrabaha lilikuwa jambo la nadra, wengi walinunua wimbo moja kwa moja kwa dola chache na mtunzi akasahauliwa. Mnasikia wimbo uliuza nakala milioni moja papo hapo. Si kweli. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala kama 400 na ilichukua karibu mwaka kuisha. Uliendelea kupanda polepole, na inakadiriwa kufikia 1909 zilikuwa zimefika nusu milioni.

Kwa hiyo Nota Kavu, wimbo ulioanza na nakala 400 kwa mwaka haukuzindua viwanda. Viwanda vilikuwa vinakimbia tayari.

#13 Nota Kavu
Nimekubali kuhusu Maple Leaf Rag peke yake. Sijakubali kuhusu nyimbo kwa ujumla.

#14 Kibarazani
Nota Kavu anarudi nyuma kidogo kidogo kama kaa. Tunakuona.

#15 Fundi Waya
Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa piano, Mombasa, nimerithi kazi kwa marehemu baba. Za kanisani, za mahoteli ya zamani, za majumba ya Wahindi. Chumvi ya bahari na mchwa ndio maadui zangu.

Nyote mwatazama piano kwa mbele. Mimi naitazama vibaoni. Piano ina vibao vyeupe 52, na zile za zama zenu hizo juu ya mbao palibandikwa pembe ya ndovu, kipande chembamba kama ukucha. Kila kibao vipande viwili, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma. Ukipitisha kidole wauhisi mshono. Ukiangalia mwangani waona mistari midogo ya pembe, kama mistari ya mbao. Vya plastiki havina.

Na pembe hizo zilitoka wapi? Zilitoka huku kwetu. Viwanda viwili vikubwa vya vibao vilikuwa Connecticut: Pratt, Read pale Deep River, na Comstock, Cheney pale Ivoryton. Huo mji wa pili waitwa kwa jina la pembe hasa. Pembe zao nyingi zilipitia Unguja, na kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilikuwa na wakala wake palepale. Pembe ya Afrika Mashariki waliipenda kwa sababu ni laini, yakatika vizuri, haipasuki ovyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kuuliza wimbo au piano, ulizeni ndovu.

#16 Nota Kavu
Fundi, nimesoma mara mbili. Nimepiga piano muda wote huu na sikuwahi kufikiri hivyo.

#17 Binti Mrima
Fundi umenigusa. Mimi ni wa Bagamoyo, na bibi mzaa bibi yetu aliolewa na mtu aliyekuja na msafara kutoka Tabora. Njia ilikuwa Ujiji, Tabora, hadi pwani, miezi, pembe begani. Kila nikisikia "enzi ya dhahabu ya piano" nawaza mabega yale. Watumwa waliobebeshwa pembe ndio waliolipa bei ya hizo sebule.

#18 Mnyamwezi Halisi
Dada Binti Mrima, nakuheshimu, lakini naomba kurekebisha, maana hili linatuhusu sisi. Wapagazi wa njia ya Tabora wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa. Ilikuwa kazi, na kijana ambaye hajawahi kufika pwani alionekana bado mtoto. Watumwa walikuwepo kwenye misafara, sikatai, na walibebeshwa pia. Lakini ukisema wote walikuwa watumwa unawafuta babu zetu waliojadili ujira wao na kugoma pale walipodhulumiwa.

Pia angalia miaka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Tippu Tip alikuwa amerudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890 na akafariki huko 1905. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901, na ya Wajerumani ilikuwa inajengwa kuelekea Tabora, ikafika 1912. Piano za 1909 hazikutegemea misafara ileile ya miaka ya 1870.

#19 Binti Mrima
Ahsante kaka, nimepokea kuhusu wapagazi. Ila kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Unguja kwenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897. Na waliokamatwa bara, vijiji vikachomwa kwa ajili ya pembe, hawakuwa na ujira wa kujadili. Yote mawili yalikuwepo. Sitaki upande wowote ufutwe.

#20 Mnyamwezi Halisi
Hapo tuko pamoja.

#21 Kijiti
Na vibao vyeusi je? Ni mpingo wetu, si ndiyo? Nilifundishwa shuleni mpingo ndio mti wa muziki.

#22 Fundi Waya
La, mdogo wangu. Mpingo wetu watafutwa kwa zumari za kizungu, klarineti na obo. Vibao vyeusi vya piano nzuri vilikuwa vya mti mweusi wa jamii nyingine, waitwao ebony kwa Kiingereza, na vya piano rahisi vilikuwa mti wa kawaida uliopakwa rangi. Nimevikwangua vingi, ndani ni vyeupe pe.

Na hesabu ya pembe: wenye viwanda walisema pembe moja ya ratili 75 yatoa vibao vya piano 45. Ratili 75 ni frasila mbili na kidogo, kwa mizani ya Unguja. Sasa chukua piano 360,000 za Nota Kavu ugawe kwa 45.

#23 Mali Kauli
8,000. Pembe elfu nane kwa mwaka, kama zote zingekuwa na pembe na kila pembe ingekuwa kubwa hivyo. Ndovu elfu nne. Najua si hesabu kamili, piano nyingine zilikuwa na seluloidi, plastiki ya kale, badala ya pembe, lakini nimeandika namba hiyo nikakaa kimya kidogo.

#24 Mtoto wa Studio
Nirudishe mada. Hakuna aliyezitaja piano zinazojipiga! Niliona moja kwenye video, mtu anakanyaga chini kama cherehani na vibao vinashuka vyenyewe.

#25 Barua ya Missouri
Hapo umegusa penyewe. Edwin Votey alitengeneza Pianola miaka ya 1890, kampuni ya Aeolian ikaiuza. Ukikanyaga, hewa inavutwa, karatasi yenye matundu inapita, kila tundu linaamsha sauti yake. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha karatasi, ukinunua ya huyu haiingii kwa yule. Mwaka 1908 wakakutana Buffalo wakakubaliana kipimo kimoja cha sauti 88. Kufikia 1923 Marekani ilikuwa inatengeneza piano za kujipiga kuliko za kawaida.

Hii inajibu swali kwa namna yake. Maple Leaf Rag ni ngumu. Binti wa nyumba aliyejifunza mwaka mmoja haiwezi. Karatasi ya matundu inaiweza. Kwa hiyo mashine ndiyo iliyoifikisha regitaimu halisi sebuleni.

#26 Mama Alto
Mwanangu wa Missouri, usiwadharau mabinti! Axel Christensen alifungua shule Chicago mwaka 1903 akitangaza kufundisha regitaimu kwa masomo kumi, ikaenea miji mingi. Watu walitaka kuipiga kwa mikono yao. Ngumu ni kweli, hata mimi sehemu ya tatu ya Maple Leaf ilinichukua mwezi mzima, nikiamka kabla ya misa ya asubuhi.

#27 Barua ya Missouri
Nisamehe mama, sikuwa na maana hiyo.

#28 Mtoto wa Studio
Na mtunzi alipata nini kwenye hizo karatasi za matundu?

#29 Mali Kauli
Mwanzoni hakupata kitu. Kesi ilifika mahakama ya juu ya Marekani, White-Smith (wachapishaji wa nyimbo) dhidi ya Apollo (watengenezaji wa piano za kujipiga na karatasi zake), 1908. Majaji wakasema karatasi ya matundu si nakala ya wimbo, kwa sababu binadamu hawezi kuisoma, ni sehemu ya mashine. Mwaka uliofuata bunge likabadili sheria ya hakimiliki: senti 2 kwa kila nakala ya kimashine. Ila ukishamruhusu mmoja, mwingine yeyote naye anaweza kuutengeneza mradi alipe hizo senti 2. Waliogopa Aeolian asije akafunga nyimbo zote kwa mikataba ya peke yake.

#30 Mtoto wa Studio
"Si nakala kwa sababu binadamu hawezi kuisoma." Mawazo hayo nimeambiwa na mtu mwaka jana kuhusu wimbo wangu uliowekwa kwenye programu ya simu. Zaidi ya miaka 100.

#31 Nota Kavu
Wakuu, tusimwache Joplin kwenye hesabu za senti. Mwaka 1911 alichapisha opera yake Treemonisha kwa gharama yake mwenyewe, hakupata wa kuisimamisha ipasavyo. Mwaka 1916 alipiga karatasi chache za matundu, Maple Leaf ikiwemo, akiwa tayari mgonjwa. Hakuna santuri hata moja yenye mkono wake. Alifariki New York tarehe 1 Aprili 1917. Tulichobaki nacho kumsikia ni matundu hayo, na yalirekebishwa kiwandani. Nikizisikiliza najaribu kutenga kilicho chake na kilicho cha fundi wa karatasi. Siwezi, na inaniuma.

#32 Kijiti
Ila Irving Berlin alitajirika na Alexander's Ragtime Band ya 1911. Huo ndio ulikuwa regitaimu ya watu.

#33 Nota Kavu
Jina lina regitaimu, wimbo wenyewe ni mwendo wa gwaride. Neno ndilo lililouzwa. Na Berlin alipiga zaidi kwenye vibao vyeusi, akawa na piano maalumu yenye wenzo wa kuhamisha ufunguo wa wimbo, yaani kuupandisha au kuushusha sauti.

#34 Mali Kauli
Umesema "neno ndilo lililouzwa". Kwa hiyo si wimbo uliouza piano, hata wimbo wenyewe uliuzwa na neno. Nahesabu hilo ni bao langu.

#35 Nota Kavu
Kama nyimbo hazikuuza piano, niambie kwa nini James Scott, mtunzi mkubwa kabisa baada ya Joplin, alikuwa mwajiriwa wa duka la Dumars pale Carthage, Missouri? Alianza kwa kufuta madirisha. Bosi akamsikia akipiga, akamhamishia kwenye kuonyesha piano kwa wateja, kisha akamchapishia nyimbo. Mwenye duka alijua wazi kinachomsimamisha mteja mlangoni.

#36 Mali Kauli
Na mimi nakuuliza: angefuta madirisha ya duka gani kama hakuna duka la piano?

#37 Kibarazani
Mmeona kuku na yai wanavyopigana. Mkeka bado nimeukalia.

#38 Mama Alto
Mimi nabaki kwa mabinti wangu. Na Fundi, swali. Kanisani kwetu kuna piano ya kale ya wamisionari, imefunikwa kitambaa, haipigwi tangu tupate kinanda cha umeme. Nitajuaje kama ni pembe?

#39 Fundi Waya
Mama, funua kitambaa mchana, karibu na dirisha. Pitisha ukucha juu ya kibao cheupe, pale vibao vyeusi vinapoanzia. Ukikwama kidogo, huo ni mshono. Kisha angalia mistari. Usikisugue kwa sabuni wala dawa, kitambaa kikavu tu. Na usimruhusu mtu avibandue kwenda kuviuza, mauzo ya pembe yana sheria zake na mtaingia matatani.

#40 Binti Mrima
Mama tafadhali utuletee jibu.

#41 Mama Alto
Nimerudi. Leo baada ya misa ya pili nimekwenda na wanakwaya wawili. Mshono upo, mistari ipo. Kati ya vibao 52, tisa vimebanduka na mbao imebaki wazi. Mmoja wa wanakwaya ni yule binti wa Dusty Rag niliyewaeleza. Nikamwambia akae ajaribu mwanzo wake.

#42 Fundi Waya
Yalia?

#43 Mama Alto
Inalia. Imeshuka karibu sauti nzima, na Do ya kati inakwama ikishabonyezwa, inabidi uinyanyue kwa kidole. Alipiga hivyohivyo hadi mwisho, mmoja anapiga, mwenzake ananyanyua Do.

#44 Fundi Waya
Hiyo Do ni unyevu tu, mama, mbao imevimba. Nitumie picha ya ndani, nikija Tanga mwezi ujao nitapita.